Kilichokuwa Ndani ya Propela

Anko Deva alifariki Jumanne, na Alhamisi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki uani kwake, Queensburgh, nje kidogo ya Durban, chini ya turubai, sahani ya wali na dengu magotini. Nilimfanyia kazi miaka kumi na tisa, kwa hiyo nilikalishwa karibu na wanawe, na kila aliyekuja kutoa pole alipitia kwangu. Ndivyo Trezo alivyonifikia. Nilimtambua kabla hajanitambua. Tumbo limetoka, ndevu zimeingia mvi, lakini mwendo ni uleule wa mtu anayetembea kana kwamba kiwanja ni chake na hati anazo mfukoni. Akanipa mkono. "Pole, Shabani," akasema. Nikamjibu, "Asante, Ya Trezo," nikimwita kaka kama zamani. Akauachia mkono wangu mapema kidogo kuliko inavyopasa msibani, akaenda kukaa upande wa pili, mbali, na mpaka watu wanatawanyika hakugeuza shingo. Binti wa marehemu akaniuliza kama tunajuana. Nikamwambia tuliwahi kukaa nyumba moja. Ni kweli, lakini ni kweli ndogo sana, na tangu siku ile imekuwa ikinikera kama mchanga ndani ya kiatu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akatafuta ushujaa humu akaukosa, halafu akanilaumu. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na nne, na niliishi ghorofa ya kumi na moja, South Beach, katika fleti ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mapazia ikawa na vyumba vitano. Wenye jina kwenye mkataba walikuwa Trezo na dada yake mkubwa, Dorka, watu wa Lubumbashi; sisi wengine tulikuwa watu wa nyuma ya pazia. Dorka alisuka nywele saluni mjini, na jioni alirudi akapika bukari, ndivyo wanavyouita ugali, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa mpaka yakawa laini kama uji. Mwislamu nilikuwa peke yangu, na siku za nyama asiyoiamini kwa ajili yangu aliniwekea samaki pembeni, bila kuniuliza na bila kunitangaza. Nje ya mlango wa fleti ile nilikuwa mtu mwingine. Mwaka ule wageni walikuwa wanapigwa mitaani, na hatukuthubutu kusema Kiswahili kwenye lifti. Wakiingia watu mnanyamaza, mnatazama namba zinavyobadilika, na jasho linakutoka mgongoni hata kama hakuna aliyekugusa. Ndani tulicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watoto waliofungiwa. Trezo aliniita peti yangu. Kwa Wakongo peti ni mdogo wako, awe wa damu, awe wa pazia la pili, na mimi neno lile lilinikaa vizuri kuliko jina langu.

Ni yeye aliyenipeleka Jacobs, kwenye viwanda, katika karakana ya Anko Deva. Trezo alikuwa fundi wa tajiri mmoja wa magari ya mtumba aliyekuwa na gari moja la mashindano ya mbio fupi za kunyooka, na propela zake zote alizileta kwa Anko. Propela, kwa asiyejua, ni lile bomba refu chini ya gari linalochukua nguvu kwenye giaboksi mbele na kuipeleka kwenye difu, inayozungusha magurudumu ya nyuma. Linapita katikati, chini ya sakafu, kiganja kimoja tu kutoka kwenye nyonga ya dereva. Watu wanaendesha maisha yao yote bila kujua wamekaa kando ya kitu gani. Mimi nilijua, kwa sababu ukutani kwa Anko kulitundikwa kipande cha sakafu ya gari kilichopasuka kuelekea juu, kingo zimekunjuka kama mfuniko wa kopo la samaki. Aliyekuwa amekaa juu yake sikuwahi kuuliza. Nilifagia karakana nikiwa nimekipa kisogo.

Siku Trezo alipokuja kuchagua propela mpya, alikuja na karatasi aliyochapisha kutoka kwenye mtandao: propela ya alumini, kipande kimoja, kutoka Marekani, tayari kufungwa. Gari lenyewe lilikuwa sedani kuukuu ya milango minne, injini ya pistoni sita, na tabo ya kuisukumia hewa, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Propela yake ya zamani ilikuwa ya vipande viwili, imeshikwa katikati na beringi iliyokaa ndani ya raba, na raba ile ilikuwa imeshindwa na nguvu ya injini. "Kila mwezi inakufa," Trezo alisema. "Ninaifunga leo, wiki tatu, imepasuka. Minataka kipande moja, beringi ya katikati itoke kabisa." Anko alivaa miwani akaisoma ile karatasi. Alisema kwa Kiingereza chake cha Durban, mimi nayaweka kwa Kiswahili: hii imekatwa kwa ajili ya giaboksi iliyotoka na gari kiwandani, wewe umeweka nyingine, itakuwa ndefu. Trezo akasema si inaingia na kutoka yenyewe kwenye giaboksi. "Inaingia mpaka inagota," Anko akamjibu. "Ikishagota, shimo moja tu la barabarani, inakupasulia giaboksi. Tutaitengeneza hapa hapa, na tutapima gari likiwa limesimama kwa tairi zake chini, si likiwa limening'inia."

Halafu wakabishana, na mimi nikashika ufagio nikijifanya sisikii. Ya chuma au ya alumini? Ya chuma ni imara na rahisi kuchomelea. "Iko muzito," akasema Trezo. "Injini inapoteza nguvu kuizungusha yenyewe kabla ya kusukuma gari." Hapo Anko alikubali. Basi alumini, lakini nene kiasi gani? Trezo alitaka bomba la inchi tatu na nusu, kwa sababu linapita chini ya sakafu bila kugonga kitu. Anko akaniita. Akanipa ncha moja ya waya wa umeme mrefu, yeye akashika nyingine, akaanza kuuzungusha kama wasichana wanavyozungusha kamba ya kuruka, polepole, kisha haraka, mpaka waya ukatoa tumbo katikati. "Unaliona tumbo hilo? Kila bomba refu lina mwendo wake wa kutoa tumbo. Likiwa refu na jembamba, mwendo huo unafika mapema. Ukiufikia na mguu uko kwenye mafuta, halirudi tena." Akamuuliza Trezo mwisho wa mbio injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Elfu saba, Trezo akasema, na kidogo. Anko akaandika hesabu kwa chaki kwenye meza, akaifuta kwa kiganja. "Inchi nne. Sakafu mtaigonga nyundo ipande juu, ekzosi mtaihamisha. Na mbele utaweka pete ya chuma kuizunguka propela, iishike kama itakatika. Bila pete sitengenezi." Trezo akacheka, akasema Anko unaniongezea uzito niliokuja kuupunguza. Anko hakucheka. Akamwambia, "Miguu nayo ina uzito. Unataka nikupunguzie?" Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka Trezo alipoondoka.

Nilichofanya baadaye kilianzia nyuma ya pazia. Jumapili, baada ya ibada, Dorka alikuwa anamsuka dada mmoja wa kanisani kwao, na mimi nilikuwa nimelala upande wangu, pazia limeshuka, nasikia kila kitu. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, "Nililota Trezo iko amelala chini ya gari. Ninamuita, haitike. Gari inashuka pole pole, inashuka, na yeye iko anacheka." Yule dada akasema, "Tutafunga siku tatu." Wakaanza kuomba palepale, kitana bado kiko kwenye nywele. Nikaona tumbo la ule waya. Nikaona kile kipande ukutani, na sasa nilijua nani amekaa juu yake. Wao walikuwa na mfungo wao. Mimi nilikuwa na hirizi.

Najua msomaji wa Dar akisikia mtu wa Tanga na hirizi ameshaanza kutabasamu. Atabasamu tu. Ilikuwa ya ngozi nyeusi, ukubwa wa kiberiti, nimefungwa mkononi siku naondoka nyumbani, na ilinivusha mipaka mitatu nikiwa nimelala chini ya magunia. Hirizi haifunguliwi, na sikuwahi kuifungua. Trezo aliiona kila siku nikinawa, na hakuwahi kuniuliza, ingawa yeye na dada yake walikuwa walokole wa kukemea mapepo mpaka kioo cha dirisha kinatikisika. Nadhani aliichukulia kama kovu, kitu cha mwili wangu.

Jumatano mchana Anko alikuwa ofisini anakula nusu mkate uliojazwa maharage. Bomba la alumini lilikuwa mezani, ncha moja imeshachomelewa, nyingine iko wazi, na kazi yangu ilikuwa kulisafisha ndani kwa spiriti. Nilivua hirizi. Nikaipaka gundi nyekundu ya gasketi, nikaibandika kwenye ncha ya mpini wa ufagio, nikaingiza mpini mpaka katikati ya bomba, nikaikandamiza kwenye ukuta wake wa ndani huku nikisema bismillahi. Na nilikuwa fundi, au nusu fundi. Nilishafundishwa kwamba propela inafutwa hata alama ya kidole kabla ya kupimwa. Lakini nilijihesabia hivi: kitu kikishaganda ndani kimekuwa sehemu ya bomba, mashine ya kubalansi itakihesabu pamoja, Anko ataweka kipande cha uzito upande wa pili, yaishe. Nilipomaliza nilijisikia vizuri mno. Hilo ndilo ninalolionea aibu kuliko yote. Kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuogopa kitu. Nilikula mchana ule mpaka nikalamba karatasi.

Mashine iliihesabu, kweli. Ilipozungusha propela siku ya pili, Anko alikunja uso. "Bomba jipya, mbona linadai uzito mkubwa hivi upande mmoja?" Akaligonga kwa kucha, akasikiliza. Mimi nilikuwa napanga spana zilizokuwa zimeshapangwa. Akasema mabomba ya siku hizi hayana adabu, akachomelea kipande cha uzito, akazungusha tena, sindano ikalala sifuri. Trezo alikuja kuichukua akainyanyua kwa mkono mmoja, akaicheka kwa wepesi wake, akanipiga begani. "Peti yangu ndiye aliifanya," akamwambia tajiri wake kwenye simu. Wiki ileile tuligonga sakafu ya gari kwa nyundo mimi na yeye, tumelala chini bega kwa bega, tukafunga pete, tukafunga propela. Mashindano yalikuwa Jumapili ya tatu yake. Tajiri alikuwa amemwachia Trezo aliendeshe mwenyewe, na amemwambia likifika salama na kwa muda mzuri, atakuwa dereva wake wa kudumu.

Zikapita karibu wiki mbili. Alhamisi ya wiki ya mashindano tulikuwa tunakula, sinia moja, na Trezo akasema gari lina kitu. "Jana ilitetemeka mpaka kioo ya nyuma inaonesha gari mbili. Leo asubuhi, hakuna. Mchana, tena. Nimebalansi matairi mara mbili." Nilikuwa ndiyo nimetia tonge mdomoni. Kitu kibovu kinatetemeka vilevile kila siku, ndivyo Anko alivyonifundisha. Kinachotetemeka leo na kesho kikatulia kina kitu kinachotembea ndani. Gundi ilikuwa imeachia. Kila Trezo akizima gari, hirizi ilianguka. Kila akiliwasha, ilijibandika popote ilipokuta, na ule uzito wa Anko upande wa pili ukawa adui mwingine. Trezo akasema Jumapili atakimbia hivyohivyo, ni sekunde chache tu, gari halitakumbuka kutetemeka. Dorka alikuwa amesimama na mwiko. "Mungu alinionyesha," akasema. "Iko kitu balificha mu ile gari. Mutu mwenye wivu. Tutamujua." Trezo akamwambia dada yake awaache watu: "Yaya, acha batu." Dorka akaniongezea samaki.

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Nilimeza lile tonge. Mwezi mmoja kabla, mama mmoja wa ghorofa ya nane alitolewa mabegi yake koridoni kwa sababu ya unga uliokutwa chini ya godoro la mwenzake, wakasema ni uchawi, na hakuna aliyemsikiliza akieleza kwamba ni unga wa fangasi za miguu. Na mimi changu hakikuwa unga wa fangasi. Kwa watu wale hirizi si kinga, ni jini la kufugwa, na anayeificha kwenye gari la mwenzake ameficha kifo. Nikipima leo, nikiwa mtu mzima, sioni kama walikosea sana. Nani anakuwekea dawa kwa siri akiwa na nia njema? Nilijiuliza swali hilo usiku kucha nikakosa jibu ambalo mimi mwenyewe ningeliamini.

Ijumaa asubuhi nilimwambia Anko Deva, nimesimama mlangoni kwa ofisi, mguu mmoja nje. Hakupiga kelele. Aliniuliza ukubwa wake, akaweka kiberiti kwenye mzani wa kupimia vipande, akaongeza karanga moja moja mpaka nikasema hapo. Gramu ishirini. Akachukua chaki. Alipomaliza alinitazama juu ya miwani. "Katika mwendo wa Jumapili, hiki kinavuta kama mtu mzima. Mwembamba, lakini mtu mzima. Ananing'inia kwenye propela na kuzungushwa zaidi ya mara mia kwa sekunde moja." Nikakaa juu ya ndoo. Akaweka chaki chini, akasema, "Sisi Wahindu gari jipya tunaweka ndimu chini ya tairi. Chini ya tairi, Shabani. Si ndani ya shafti." Halafu akanipa zawadi ambayo sikustahili. Akasema tutamwambia rafiki yako ni tone la kuchomelea lililoanguka ndani, kosa langu mimi mwenyewe, nalikata, nabadilisha bomba bure, wewe unyamaze. Nikakubali kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Trezo alifika saa nne. Tukaitoa propela, Anko akaiinamisha, na ndani kikasikika kitu kikiteleza, kikagonga, kikanyamaza. "Ni nini?" Trezo akauliza. Anko akafungua mdomo, lakini mimi niliwahi. "Sudure," nikasema, kwa neno lake mwenyewe la kuchomelea. "Tone ya sudure." Anko akamwambia aende dukani akatuletee soda. Trezo akasema hana kiu. Alisimama pale wakati Anko anaikata ncha kwenye mashine, akasimama pale Anko alipoiinua, na hirizi ikatoka ikaanguka mezani, imevaa gundi nyekundu pembeni kama gamba la kidonda. Trezo hakuitazama sana. Alitazama mkono wangu, juu ya kiwiko, pale palipokuwa na alama nyeupe ya kamba.

"Ni yako," akasema.

"Ni yangu."

"Ulisema ni sudure."

"Niliogopa, Ya Trezo."

"Uliandika jina yangu mu ndani?"

"Hapana. Ni ya kukinga. Yaya Dorka aliota ndoto, nikaisikia. Niliiweka ikukinge."

Akafikiri. Uso wake ulikuwa unataka kuniamini, niliuona. Akasema, "Fungua."

Nimesema hirizi haifunguliwi. Niliitazama tu, mpaka Anko akashika wembe mwenyewe akaipasua ngozi, kisha akanisukumia. Ndani mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imekuwa ya kahawia, maandishi ya zafarani, miraba yenye herufi na tarakimu. Nilisoma kidogo, nilivyofundishwa chuoni utotoni. Katikati kulikuwa na jina langu na jina la mama yangu. Nikamwonyesha Trezo kwa kidole, herufi moja moja, nikazitamka. Yeye hakutazama karatasi hata mara moja. Alitazama mdomo wangu, kama unavyomtazama mtu wa duka anapohesabu kwa haraka. "Nitajua je?" akasema. Nikamwambia aipeleke kwa yeyote anayesoma Kiarabu, misikiti iko tele mjini. "Nibebe fetishi, nizunguke nayo, niulize batu kama jina yangu iko ndani?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka. Nikamtazama Anko, naye akainua mabega. Hata yeye alikuwa na neno langu tu, na neno langu nusu saa iliyopita lilikuwa sudure.

Anko alitengeneza propela nyingine siku ileile, bomba jipya, inchi nne, na Trezo alisimama juu yake tangu mwanzo. Alimulika tochi ndani kabla ncha ya mwisho haijachomelewa. Mimi sikuligusa. Hakuna aliyenikataza, lakini nilijua. Kwenye mashine ilidai kipande kidogo cha uzito kama ukucha. Nilikitazama kikichomelewa, na niliitazama sindano ikilala sifuri mara tatu mfululizo. Naweza kuapa leo kwamba sijawahi kuona propela iliyotulia kama ile, na tangu hapo nimeziona maelfu.

Jumamosi alasiri, viwanda vya Jacobs vimefungwa, tulikwenda kuijaribu kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya karakana. Anko alisimamisha pikapu yake mbele, pale penye roboti, taa za barabarani, kuangalia magari yanayokuja. Trezo akapanda, akafunga mkanda, akawasha, na mtikisiko wa injini ukanipanda kutoka kwenye nyayo. Kisha akainama akafungua mlango wa upande wa pili. "Panda, peti," akasema. Alisema peti, na moyo wangu ukaruka. "Kama ulitaka nipone, panda. Twende pamoja."

Nikaweka mguu mmoja ndani. Kiti kilikuwa bati tupu na mikanda. Kati ya viti sakafu imevimba tulivyoigonga, na chini yake propela inangoja. Niliijua propela ile. Ningemkalisha mwanangu pale. Sikuwa na shaka nayo hata chembe, na mwili wangu haukujali ninachojua. Niliona barabara inavyokwisha kwenye ukuta. Nilisikia tabo ikivuta pumzi. Mguu wa pili ulikataa kuondoka chini.

"Siwezi," nikasema.

"Mbona?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Aliuliza kwa upole. Alikuwa ananipa nafasi, sasa naelewa. Angekubali jibu lolote la kipumbavu. Na jibu nilikuwa nalo. Naogopa mwendo, Ya Trezo, naogopa kelele, ndivyo nilivyoumbwa, hata wewe ukiwa salama kabisa mimi naogopa. Lakini nikasema tena, "Naogopa tu," na nikautoa mguu.

Akanitazama. Sikuona chuki, na afadhali ningeiona. Akainama tena, akauvuta mlango mwenyewe, ukafunga bila kishindo. Gari likaondoka, likapanda mwendo, likanyooka mpaka mwisho wa barabara bila kutetemeka hata kidogo, mimi nikilitazama na kumshukuru Mungu kwa sauti. Lilipogeuka na kurudi, nilipunga mkono. Trezo alinipita akitazama mbele, amekwisha kupata jibu lake, kwamba aliyetega hapandi, na ningekuwa mimi kwenye kiti kile ningelipata hilohilo.